Madini tunaona, mchimbaji eko wapi?

Mu bisi ya poste ya usiku watu hawazungumzi mshahara kila siku. Siku nyingi wanazungumza filimu. Nani ana nguvu kupita mwenzake, Thor ao Hulk? Superman wa sasa anamufikia yule wa zamani? Mmoja akisema Jason Statham hawezi kufa hata wamwangushie nyumba nzima, hapo bisi inashika moto. Vijana wanaleta filimu mu kle, zimesemwa kwa Kifaransa, na kufika Jumapili mtaa mzima umekwisha kuziona, kwa telefone ao kwa televizio ya jirani mwenye jenereta.

Mie nasikiliza, kisha natia neno langu. Na kwa miaka hii ya karibu nimeona jambo moja linarudi: watu wa Hollywood wanapenda madini sana. Vibranium, unobtanium, kryptonite, hata ile epise ya Dune, ambayo si jiwe lakini inavunwa mu mchanga na mashini kubwa kama zetu. Mu hadithi hizo dunia nzima inapigana juu ya kitu kinachotoka chini ya udongo. Mfalme ana nafasi yake, mwanajeshi ana yake, na mwanasayansi, na mwizi. Mwenye kukitoa chini ya udongo, yeye tunamtafuta kwa tochi.

Kwa mtu wa Paris hilo ni jambo dogo. Kwa sisi wa Kolwezi, Likasi, Kipushi na Fungurume, inchi yenye kutoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani, si dogo. Kwa hiyo leo nazihukumu filimu hizi kwa macho ya mtu wa kaske. Wenye kupenda mavazi na muziki, waulize wengine.

Tuanze na Wakanda, juu ya njo inapendwa kupita zote. Black Panther ya Ryan Coogler ilitoka mwaka 2018, ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.3, na mtu asiseme naidharau. Watoto wetu waliona mfalme mweusi asiyeomba mtu kitu. Marehemu Chadwick Boseman, aliyecheza T'Challa, alikuwa anaumwa kansa ya utumbo mkubwa tangu 2016, akafanya kazi yake bila kuwatangazia watu, akafariki Agosti 2020. Heshima yake iko palepale.

Lakini tuliiangalia nyumbani, na wakati T'Challa na Killmonger wanapigana chini ya mlima, kwenye njia ya treni za vibranium, binti yangu aliuliza: "Papa, batu ba kazi ba mu hii kariere beko wapi?" Nikatazama vizuri. Kweli, sikuona mtu. Treni zinapita mbio, taa zinawaka, madini yamejaa, na hakuna poste inayoingia wala inayotoka. Hakuna hata salopeti moja imetundikwa kwenye msumari.

Kuna neno moja tu lilinifurahisha. Shuri, dada ya mfalme, anaeleza kwamba vibranium mbichi ni ya hatari kuisafirisha kwa mwendo ule, kwa hiyo ametengeneza namna ya kuizimisha nguvu kwa muda wakati inapita. Angalau mtu mmoja kule Wakanda alifikiri hatari ya mzigo. Wenye kuishi kando ya barabara yetu, pale makamyo ya asidi yanapita karibu na meza za wamama wanaouza, wananielewa.

Killmonger anataka vibranium iwe silaha ya watu weusi wa dunia nzima. T'Challa anataka kuilinda, na mwishoni anakubali kufungua mlango. Ni mabishano mazito, nimeyapenda, tena mu sendika tumekwisha kubishana hivyo hivyo juu ya mali ya inchi. Lakini kati yao wawili hakuna aliyeshuka kuwauliza wenye kuchimba.

Ya pili, Wakanda Forever ya 2022, ina kipande ambacho mtaani kwetu kilirudishwa nyuma mara tatu. Askari wanaosema Kifaransa wanavamia kituo cha Wakanda kule Mali kwa kutafuta vibranium, na malkia Ramonda anawapeleka mbele ya Umoja wa Mataifa mu Geneva wamepigishwa magoti. Waziri wa majeshi wa Ufaransa wa wakati ule, Sébastien Lecornu, alikasirika hata akailaani filimu hadharani Februari 2023. Sisi tulicheka. Nyuma ya hapo lakini kuna kipande kingine watu hawakizungumzi: meli ya kutafuta vibranium chini ya bahari inashambuliwa usiku, watu wa kazi wanasikia wimbo, wanatembea kama wenye usingizi na kujitupa majini. Mafundi, walinzi, wapishi pengine. Filimu inawapita, inarudi kwa wafalme.

Avatar nitaipita haraka. Ile ya 2009 tunaijua sote: unobtanium, dola milioni 20 kwa kilo moja, na mkubwa wa kampuni ameweka kajiwe kwenye meza ya ofisi yake kama pambo. Njo picha nzuri kupita zote ya kazi yetu mu filimu za Cameron: jiwe kwenye meza safi. Mashini za kule Pandora zinaongozwa kutoka mbali, kwa hiyo hata dereva hayuko. Lakini wamama waliihukumu filimu hii kwa njia nyingine. Wakati Mti wa Makao unaangushwa, wale wenye kutoka vijiji vilivyohamishwa pembeni mwa Kolwezi walinyamaza kabisa. Mmoja akasema tu: "Banaangusha makaburi yao." Ya pili, ya maji, ni nzuri kwa watoto. Ya tatu, iliyotoka mwisho wa 2025, inapita masaa 3, na mtu mwenye kuamka saa kumi ya usiku kwa poste ya asubuhi hana masaa 3 ya kuangalia vita ile ile.

Sasa Dune. Denis Villeneuve, mtu wa Québec, alitoa ya kwanza mwaka 2021 na ya pili 2024. Vijana wengi wananiambia ni ndefu, watu wanaongea polepole, hakuna kupigana sana. Ni kweli. Lakini mu ile ya kwanza kuna kama dakika kumi ambazo ningependa kila kapita wa kazi azione.

Duke Leto amepewa sayari ya Arrakis. Mbele yake ilikuwa mu mikono ya watu wa Harkonnen kwa miaka 80, wakatajirika kwa epise, wakaondoka, wakamwachia vyombo vilivyochakaa. Hiyo peke yake inatosha kumchekesha mtu wa Katanga: mwenye kuondoka anabeba faida, anaacha mashini mbovu. Leto anapanda ndege kwenda kuangalia kazi. Chini, mashini ya kuvuna epise inafanya kazi, ndani mna watu. Nyoka mkubwa wa mchanga anaonekana anakuja. Kwa kawaida chombo kingine cha kuruka kinashuka na kuinua mashini pamoja na watu wake. Siku ile chombo kinashuka, mshikio mmoja unakataa. Dakika zinahesabiwa.

Leto anaamuru watu watoke. Na hapa wafanyakazi wenyewe wanasita: mashini imejaa, mzigo huu tutauachaje? Ndugu zangu, mie yule mtu namjua. Nimemwona na macho, si mu filimu. Ukuta wa kariere unatoa vijiwe, kila mtu anasikia, na mtu anasema ngoja kwanza tumalize hii kamyo. Hasemi hivyo kwa kupenda tani. Anasema juu ya anajua mwisho wa mwezi nani atakatwa. Mu filimu Leto anailaani epise na kuamuru kila mtu atoke. Anawapakia mu ndege zake mwenyewe, wanatupa vyombo vizito chini ili watu wapate nafasi. Kisha nyoka anameza mashini nzima na mzigo wake, na hakuna anayeulizwa hasara.

Kwa Kiswahili cha kazi hiyo inaitwa haki ya kuondoka mahali pa hatari. Tunaiandika mu kila daftari la madai. Villeneuve ameionyesha kwa namna ambayo hata mtoto anaelewa. Bahati mbaya Leto anauawa hata filimu haijaisha, na mzee mmoja wa kambi aliyekuwa anaangalia nasi alitikisa kichwa: "Patron ya vile haikawie."

Ya pili nina neno nayo. Wafremen, wenyeji, wanalipua mashini za epise moja baada ya nyingine, na watu wanapiga makofi. Haki yao ninaielewa, inchi ni yao. Lakini mu mashini zile mlikuwa watu wa kazi, na safari hii hakuna aliyewahesabu. Sikupiga makofi.

Filimu inayotusema sisi kabisa, ndugu msomaji, si ya shujaa mwenye kuruka. Ni ya kutisha. Ni Alien: Romulus ya Fede Álvarez, ya mwaka 2024. Watu wanaikumbuka kwa yule mnyama mwenye damu ya asidi. Mie naikumbuka kwa dakika za mwanzo, mbele mnyama hajatokea.

Kuna kolonia ya kuchimba, ni mali ya kampuni moja, Weyland-Yutani. Jua halionekani kule hata siku moja mu mwaka. Msichana anaitwa Rain, wazazi wake wamekwisha kufa palepale. Amemaliza masaa ya kontra yake, masaa 12,000, anakwenda ofisini kuomba karatasi ya kuondoka. Mfanyakazi wa ofisi anaangalia mashini yake na kumwambia masaa yameongezwa, sasa ni 24,000. Tena kwa sababu watu wa kuchimba wamepunguka, anahamishwa aende migodini. Miaka mingine mitano, sita. Mwenye kufuata aje.

Nilisimamisha filimu, nikatafuta kalamu. Sheria yetu ya kazi ya Oktoba 2002 inaweka masaa 45 kwa juma. Masaa 12,000 gawanya kwa 45 ni majuma 266, miaka mitano na kidogo. Basi huyu msichana alifanya miaka mitano, na kwa kubofya kidole kimoja wamemrudishia mitano mingine. Kwetu kontra ya muda haipiti miaka miwili, na mkubwa wa kazi hawezi kuibadilisha peke yake bila mwenzake kutia sahihi. Ndiyo sheria. Lakini ni wangapi kati yenu wameitwa ofisini wakaambiwa "ilishabadilika", wakatoka nje na karatasi hawakuisoma? Binti yangu akaniuliza: "Papa, hii njo ile kontra unasomaka kila mangaribi?" Nikamwambia ni binamu yake.

Kuna kijana mwingine mu ile filimu, Bjorn, ambaye anachukia roboti zenye sura ya mtu. Ukimwona mwanzo unafikiri ni mtu mbaya tu. Kisha unaelezwa: mgodini kulitokea ajali, roboti moja ikapiga hesabu, ikafunga mlango ili kuokoa wengine, na mama yake alikuwa upande wa pili wa mlango. Hesabu labda ilikuwa sawa. Anayepiga hesabu lakini hakuwa na mama mule ndani. Tulibishana juu ya hilo usiku mzima, na sikumbuki kama kuna aliyeshinda.

Na kuna Andy. Andy ni roboti ya zamani, imekusanywa mu takataka na baba ya Rain, anaitazama kama kaka yake. Kazi yake moja: kufanya kilicho kizuri kwa Rain. Katikati ya filimu wanamtia chombo kipya kichwani, cha kampuni. Anakuwa na akili sana, anatembea wima, anasema vizuri, hababaiki tena. Anaendelea kuita jina lake Rain kwa upole. Ila kazi yake sasa ni kufanya kilicho kizuri kwa kampuni. Sura ile ile, sauti ile ile.

Waliokuwa nami walinigeukia wote pamoja, wakacheka. Hawakuhitaji kusema. Kila mtu mu Katanga amekwisha kumjua delege wa namna hiyo: tulimchagua akiwa na viatu vilivyopasuka, akapewa ofisi yenye baridi na gari la kutembelea, na siku ya mkutano unasikia anasema "tuangalie masilahi ya shirika". Tangu hapo kwetu delege akianza kusema Kifaransa kirefu kirefu, kuna mtu nyuma ataita: "Andy!" Wamekwisha kuniita mie pia, na si vibaya. Mtu anayeitwa hivyo anaangalia karatasi yake mara mbili mbele ya kuitia sahihi.

Mickey 17 ni ya 2025, ya Bong Joon-ho, yule Mkorea wa Parasite. Inachekesha, wakati mwingine inapoteza njia, na ile sehemu ya mwisho na mkubwa wa safari mwenye kelele ni ndefu bure. Lakini wazo lake! Mickey amekimbia deni. Anatia sahihi kontra ya kwenda sayari ya mbali bila kuisoma. Kazi aliyoitia sahihi ni ya kufa. Wanampeleka mahali pa hatari, anakufa, mashini inachapa mwili mwingine, wanamrudishia kumbukumbu, kesho anaingia kazini. Anaitwa 17 juu ya ni mara ya kumi na saba. Wenzake wanamuuliza wakicheka: kufa kunakuwaje?

Kijana mmoja wa kazi ya siku kwa siku aliniambia nyuma ya kuiona: "Siye njo ba Mickey." Hakuwa anacheka. Kwa mmoja wa wenye kazi za mkono wa pili, ambaye simtaji, nimeona kaske ikiwa na karatasi ya kunata yenye jina la mtu. Mtu alivunjika mguu Jumanne. Alhamisi kaske ni ile ile, karatasi mpya juu ya ya zamani, jina lingine. Ukiinua kwa ukucha unakuta ya tatu chini. Mu filimu angalau ni Mickey yule yule anayerudi. Hapa anayerudi ni mdogo wa jirani.

Filimu za kupigana nazo hazikosi nafasi. A Working Man ya Statham, 2025, nilivutwa na jina, nikafikiri leo njo leo. Ni kweli anafanya kazi ya kujenga nyumba, na mwanzoni anamtetea mfanyakazi wake kwa ngumi nzuri. Kisha anaacha kazi kwenda kumtafuta binti wa patron, na wafanyakazi hatuwaoni tena. Superman ya James Gunn, mwaka ule ule, ina jambo dogo lililonigusa kupita kuruka kote: Lex Luthor amemfungia mtu mmoja, Metamorpho, ambaye anaweza kugeuza mkono wake kuwa kryptonite. Anautoa mwilini mwake mwenyewe, juu ya mtoto wake mchanga ameshikwa. Shujaa anaumwa na jiwe lile, lakini mtu anayelitoa naye analia.

Mtu mmoja aliniuliza: basi filimu ya madini ya kweli, ya Congo, haipo? Akanitajia Oppenheimer ya Christopher Nolan, 2023, masaa 3, Oscar saba. Niliiangalia. Uranium ya bomu la Hiroshima sehemu kubwa ilitoka Shinkolobwe, hapa pembeni ya Likasi. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, alikwisha kutuma karibu tani 1,200 za mawe yale New York, yakangoja mu depo ya Staten Island hata jeshi la Marekani lilipokuja kuyanunua mwaka 1942. Mu filimu ya Nolan tunaona mwanasayansi anatia vibilia mu chombo cha kioo, kimoja kimoja, kuonyesha uranium imefika kiasi gani. Vibilia vizuri, vinang'aa. Shinkolobwe haionekani. Wazee wetu waliochambua mawe yale kwa mikono hawaonekani.

Na wakati ule ule, Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière mu Élisabethville waliacha kazi wakidai mishahara. Walikusanyika kwenye uwanja wa mpira. Tarehe 9 askari walipiga risasi. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba yao, aliuawa pale. Hakuwa na nguo ya vibranium. Wazee wa makambi walikuwa wanasimulia habari hii kwa sauti ya chini, na vijana wengi wa Lubumbashi wanapita karibu na mahali pale bila kujua. Kijana wa kwetu mwenye kamera, na siku hizi wako wengi, asingoje Hollywood.

Kwa wamama walioniuliza: Dune ya kwanza inaweza kuangaliwa na familia nzima, kama watoto wana uvumilivu. Black Panther zote mbili, hakuna shida. Mickey 17, wakubwa tu. Alien: Romulus msiionyeshe watoto usiku, kuna uzazi mmoja mule ndani ambao hata mie niligeuza uso. Waonyesheni zile dakika za mwanzo, mpaka pale ofisini, kisha zimeni.